Kompyuta Haijafa, Imekosa wa Kuiamsha

Haya ndiyo maneno niliyowaambia mafundi na walimu wa TEHAMA tulipokutana Morogoro, kuhusu butiloda, kile kiprogramu kinachouamsha mfumo wa kompyuta. Waliokosa kufika wameomba wayapate, kwa hiyo nayaweka yote kama yalivyotoka. Picha za ukutani nimeziacha.

Wazee wetu mliokaa hapa mbele, shikamooni. Walimu, mafundi wenzangu, dada zangu mliopanda basi la alfajiri ili muwahi, habari za asubuhi.

Nianze na swali. Nani humu ndani amewahi kuletewa kompyuta akaambiwa "hii imekufa", akaifungua, akakuta kila kitu kizima? Mazabodi nzima, memori nzima, diski inazunguka, feni inapiga kelele kama kawaida? Nyoosheni mikono. Naona. Asanteni, shusheni.

Sasa swali la pili. Ni wangapi kati yenu mmeona kompyuta ya namna hiyo ikiuzwa kwa kilo, kama chuma chakavu?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inadai mashine iwe na TPM 2.0, chipu ya usalama, na kwa upande wa Intel inadai prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele. Yaani kompyuta ya mwaka 2015, yenye i5 na memori ya GB 8, inayofungua hesabu za ofisi nzima bila kutoa jasho, imestaafishwa kwa barua. Maofisi yanazitoa. Zinashuka kwa mtumba, zinapangwa Kariakoo, zinagawiwa mashuleni. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao, na mimi siuachi. Hizi ni mashine za kutumika miaka kumi mingine, kama kuna mtu wa kuziamsha.

Tukikutana sisi tunaopenda programu huria, tunabishana nini? Kati ya mifumo huria ya Linux, Debian au Mint? Kwa sura ya kioo, Xfce au LXQt? Tunaweza kukesha. Lakini butiloda, kile kiprogramu kinachoshika mfumo mkono na kuuinua kitandani, hakuna anayekiulizia. Tunakiachia kisakinishi kichague, tunabonyeza "endelea". Halafu baada ya miezi mitatu simu inalia.

Mimi nina jambo moja tu leo, na nitalizungusha mpaka mlichoke. Butiloda ichague kwa kuangalia vitu viwili: mlango wa ile mashine, yaani njia inayotumia kuamka, na mtu atakayebaki nayo wewe ukishaondoka. Mlango na mtu. Uzuri wa menyu hauhusiki. Upya wa toleo hauhusiki. Mlango na mtu.

Kwa walimu ambao habari hizi ni ngeni, niruhusuni niende taratibu kidogo. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, prosesa inaamka haijui kitu. Haijui Linux, haijui Windows, haijui hata kama kuna diski. Inachokijua ni programu iliyochomwa kwenye chipu ya mazabodi, ambayo kwenye mashine za zamani tunaiita BIOS. BIOS inakagua memori, inakagua kibodi, kisha inakwenda kwenye diski na kusoma sekta moja tu, ya kwanza kabisa. Sekta hiyo ina baiti 512. Baiti 64 kati ya hizo ni jedwali la patisheni, yaani vipande ambavyo diski imegawiwa: nafasi nne, kila moja baiti 16. Mbili za mwisho ni muhuri, 55 na AA, na BIOS isipouona muhuri huo inasema hakuna diski ya kubuti, yaani ya kuamshia mfumo. Zimebaki ngapi? Zimebaki 446.

Ndugu zangu, 446! Hazifiki hata idadi ya herufi za SMS tatu zilizojaa. Programu ya ukubwa huo ndiyo inayotakiwa kuuamsha mfumo wa mamilioni ya baiti. Haiwezi peke yake. Inachoweza ni kumwita mwenzake aliye mkubwa kidogo, naye amwite mkubwa zaidi, mpaka kerneli, kiini cha mfumo, ipande kwenye memori. Mnyororo huo ndio butiloda. Mpangilio huu wa sekta ya kwanza uliingia na mfumo wa PC DOS 2.0 mwaka 1983, diski ngumu zilipoanza kukaa ndani ya kompyuta za IBM, na mpaka leo mashine nyingi mnazozifungua zinaamka kwa njia hiyo hiyo.

Pete moja ya mnyororo ikikatika, mwenye kompyuta anaona nini? Kioo cheusi na maandishi mawili matatu. Anasema imekufa. Na ukimwuliza fundi asiyejali, naye anasema imekufa.

Sasa nianze na mtu, kwa sababu mtu ndiye tunayemsahau zaidi.

Mwaka 2004 niliweka Slackware, mmoja wa mifumo ya Linux, kwenye kompyuta ya Pentium III ya ofisi moja ndogo ya uhasibu, Tanga. Butiloda ilikuwa LILO. Vijana mliokuja baadaye huenda hamjawahi kuiona, lakini sisi wa zamani tumekula nayo chumvi. Ilianzishwa na Werner Almesberger mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwa miaka mingi ukisema Linux umesema LILO. Ina ustaarabu mmoja ambao bado naupenda: inapoamka inaandika jina lake herufi kwa herufi, na kila herufi ni hatua iliyofanikiwa. Ukiona L peke yake, hatua ya kwanza imeingia na ya pili imekwama. Ukiona LI, hatua ya pili imepakiwa lakini imeshindwa kuanza. Ukiona LIL, imeanza ila haijaweza kusoma jedwali lake. Ukiona LILO kamili, shukuru. Mashine inakueleza ugonjwa wake kwa herufi nne. Ni programu ngapi za leo zinazokuheshimu hivyo?

Lakini LILO haijui kusoma mafaili. Nirudie, kwa sababu hapa ndipo palipoumia: LILO haijui kusoma mafaili. Haijui folda, haijui jina la faili. Unapoiendesha, inaandika kwenye daftari lake kwamba kerneli iko kwenye sehemu hii, na hii, na hii ya diski. Kesho yake inakwenda kuokota pale pale, kwa namba. Ukibadilisha kerneli, lazima uiendeshe tena ili iandike namba mpya. Kila mara. Bila kukosa.

Mimi nilikosa. Nilifuta kerneli ya zamani, nikaweka mpya kwa jina lile lile, sikuendesha lilo. Nikawasha upya, ikawaka. Nikaaga, nikapanda basi.

Iliwakaje? Kwa sababu ukifuta faili, maandishi yake hayaondoki kwenye diski siku hiyo. Yanabaki pale, kama mpangaji aliyekwisha futwa kwenye daftari la mwenye nyumba lakini bado analala chumbani. LILO ilikuwa inakwenda kwenye namba za zamani na kuikuta kerneli ya zamani imelala. Wiki zikapita. Wale wahasibu wakaandika mafaili, wakaandika mafaili, mpaka siku moja faili jipya likapangishwa kwenye chumba kile. Ilikuwa mwisho wa mwezi, siku ya mishahara. Mashine ikaandika LILO, ikaandika vidoti, ikanyamaza.

Mimi nilikuwa Dodoma. Mle ofisini hakukuwa na mtu hata mmoja ambaye angeweza kufanya lolote, na kosa halikuwa lao. Butiloda niliyowaachia haikuwa na mahali pa kuiuliza wala pa kuielekeza. Nilisafiri siku nzima kwenda kuandika neno moja lenye herufi nne. Watu walipokea mishahara siku mbili baadaye, na dada aliyekuwa anashika ile kompyuta alilaumiwa na bosi wake kwa kitu ambacho nilikifanya mimi. Hilo sijalisahau. Nilimwomba radhi, na leo natubu tena mbele yenu.

Sasa sikilizeni cha pili, ndipo mtaelewa kwa nini nasema mtu.

Miaka baadaye nilipigiwa simu na mwalimu mmoja wa kike, yuko Songea, anafundisha biolojia na amebebeshwa na chumba cha kompyuta juu yake. Mnawajua walimu wa namna hiyo. Ndio wanaobeba TEHAMA ya nchi hii bila cheo wala posho. Ananiambia, "Fundi, mashine ya kuchapia mitihani imeandika grub rescue, na mitihani ni kesho kutwa." Nikamwuliza, nani ameigusa? Kumbe kijana mmoja alifuta patisheni asiyoijua ili apate nafasi. Alichofuta ni patisheni ya tano, basi ile ya sita iliyokuwa na Debian ikajikuta imekuwa ya tano. GRUB, butiloda ya mashine ile, ilikuwa inaitafuta ya sita. Haipo.

Tofauti ya GRUB na LILO ni hii: GRUB inajua kusoma mafaili. Ilianza mwaka 1995, Erich Boleyn alipokuwa anatafuta njia ya kuuamsha mfumo wa Hurd wa mradi wa GNU, na akaamua butiloda isome diski kama mtu anavyosoma, kwa majina. Na hata ikipotea njia, inakupa mahali pa kuandika amri. Kwa hiyo nilikaa kibarazani na simu sikioni, naye yuko mbele ya kioo kilomita mamia kutoka kwangu.

Nikamwambia, "Mwalimu, andika ls, bonyeza enta." Akanisomea majina ya patisheni. "Andika ls, acha nafasi, fungua mabano, hd0 mkato msdos5, funga mabano, weka mkwaju." Akanisomea: bin, boot, etc, home. Nikajua tumeipata. "Sasa andika set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub. Enta. Kisha insmod normal. Enta. Kisha normal. Enta." Nikasikia kimya. Halafu nikasikia akipiga kelele ya furaha, na wanafunzi nyuma yake wanashangilia. Mfumo ulipokwisha kuwaka tukaendesha grub-install kwenye diski na update-grub, tukamaliza. Dakika ishirini na vocha ya simu.

Safari ya Tanga na simu ya Songea. Hivyo ndivyo ninavyopima butiloda. Nikisikia mtu anasema GRUB ni nzito, ina mambo mengi, faili lake la grub.cfg ni refu mpaka linatisha, namkubalia. Ni kweli. Lakini namwuliza, ukiwa mbali, yule aliyebaki atafanya nini?

Na LILO je? Maendelezo yake yalifungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Siiweki tena mahali popote. Ila ukikuta mzee fulani ana mashine inayowaka na LILO tangu zamani, na anajua kuiendesha, usimguse. Mtu wake yupo.

Kuna ya tatu ambayo naitetea popote, nayo ni Syslinux ya H. Peter Anvin, pamoja na ndugu zake: ISOLINUX ya sidii, EXTLINUX ya diski za Linux, PXELINUX ya mtandao. Uzuri wake ni udogo na uwazi. Kwenye flashi yenye muundo wa FAT, ambao hata Windows inausoma, mipangilio yake ni faili la mistari kama kumi linaloitwa syslinux.cfg. Mwalimu anaweza kulifungua kwenye kompyuta yoyote, hata ya Windows, akalisoma, akaelewa, akabadilisha. Flashi zangu zote za kuhudumia mashine za zamani zinabuti kwa Syslinux. Tahadhari moja: toleo lake imara la mwisho ni 6.03 la mwaka 2014. Ukiunda patisheni ya ext4, muundo wa diski wa Linux, kwa zana za siku hizi, inakuja na kipengele cha 64bit ambacho toleo hilo halikisomi. Kwenye diski ya ndani, basi, nendeni na GRUB. Kwenye flashi ya FAT, Syslinux haijapata mpinzani kwangu.

Nimesema mtu. Tuje kwenye mlango.

Mlango wa kompyuta kuukuu ni mwembamba kuliko nyumba yake. Nilijifunza hili kwenye maktaba ya parokia moja. Walikuwa na mashine ya zamani, diski yake ndogo ilikufa, nikawanunulia diski ya mtumba ya GB 40. Nikaweka Linux kwenye patisheni moja kubwa, ikawaka vizuri. Miezi kadhaa baadaye wakasasisha, wakawasha upya, GRUB ya wakati ule ikasema Error 18.

Nini kilitokea? BIOS ile ya zamani ilihesabu diski kwa silinda, na mwisho wake ni silinda 1024. Zidisha kwa vichwa 255, kwa sekta 63, kwa baiti 512, unapata kama GB 8.4. Zaidi ya hapo haioni. Linux yenyewe ikishaamka inaongea na diski moja kwa moja, inaiona yote 40. Lakini butiloda inategemea macho ya BIOS. Kerneli ya kwanza ilikuwa imekaa mwanzoni mwa diski, ndani ya upeo wa macho. Ile mpya, kwa kuwa mwanzoni pameshajaa vitabu na picha, ilikwenda kukaa mbali, gizani. Mashine nzima, diski nzima, kerneli nzima, ila iko mahali ambapo mwenye kuiamsha hafiki.

Dawa yake ni nyepesi kuliko ugonjwa: patisheni ndogo ya /boot mwanzoni mwa diski, MB mia chache, kerneli zikae humo tu. Basi. Na msidhani ni habari ya kale. Mashine za miaka ya mwanzo ya 2000 zina ukuta wao kwenye GB 137. Mtu anachomeka diski ya GB 500, anaweka mfumo, baada ya muda GRUB inamwambia amejaribu kusoma nje ya diski. Ni ugonjwa ule ule na dawa ni ile ile. Kwenye kompyuta yoyote yenye BIOS ambayo siijui vizuri, natenga /boot mwanzoni bila hata kuuliza. Jedwali lile la 1983 nalo lina ukuta wake kwenye TB 2, lakini hapo hatujafika na mashine hizi.

Na mlango mwingine huwa unadanganya. Hili naomba waandishi waandike. Unapobuti kwa flashi, BIOS nyingi zinaihesabu flashi kuwa diski ya kwanza. Linux nayo huweza kuipa flashi jina la sda, yaani diski ya kwanza. Diski ya ndani inakuwa sdb. Kisakinishi kinakuuliza GRUB iwekwe wapi, nawe kwa mazoea unasema sda. Shule moja ya sekondari nilifunga kompyuta kumi na nne kwa siku moja, zote hivyo hivyo. Kila nilipowasha upya zilikubali, kwa sababu flashi ilikuwa bado imechomekwa. Nikachomoa flashi zangu, nikazitia mfukoni, nikaondoka na butiloda zao zote kumi na nne. Asubuhi wanafunzi wakaingia darasani, walikuwa wamesubiri siku ile muhula mzima, hakuna hata moja iliyowaka.

Mlisikia? Zote zilikuwa nzima. Mlango tu niliuhamisha. Tangu siku ile, kabla sijajibu swali la kisakinishi, naandika lsblk na kusoma ukubwa wa kila diski. GB 16 ni flashi, GB 250 ni diski. Namba hazidanganyi kama majina yanavyodanganya.

Nifike kwenye UEFI, mrithi wa BIOS, maana nyingi kati ya mashine za leo zitakazowafikia baada ya Windows 10 zinayo. UEFI haisomi sekta ya kwanza kwa mtindo wa zamani. Inasoma patisheni ndogo ya FAT na kutafuta faili lenye jina. Kwa hiyo butiloda sasa ni faili la kawaida unaloweza kuliona na kulinakili. Ni maendeleo makubwa, sisemi vinginevyo. Lakini UEFI za mwanzo zina tabia.

Tabia ya kwanza: baadhi zinakumbuka jina la butiloda mahali ambapo hupotea betri ya saa ikiisha. Umeme unakatika usiku, asubuhi mashine haikumbuki Debian iko wapi. Nani hapa hajaliona hilo? Betri ni CR2032, ile ya duara, badilisheni kabla ya yote. Lakini pia tumieni njia ya akiba. UEFI isipokumbuka chochote, inatafuta faili moja kwa desturi: folda EFI, ndani yake BOOT, ndani yake BOOTX64.EFI. Ukiendesha grub-install na kuongeza --removable, GRUB inawekwa pale pale. Mashine ikipoteza kumbukumbu yote, bado inajua njia ya nyumbani. Dawa hii inatibu pia laptop zile ambazo UEFI yake imefundishwa kuitafuta Windows tu.

Tabia ya pili iliniliza. Kijana mmoja wa chuo aliniletea kijilaptop chenye prosesa ndogo ya Intel iitwayo Atom, cha mwaka 2014 hivi, akilia kwamba mafundi wawili wamemwambia kimefungwa kiwandani. Prosesa ya biti 64, flashi ya Debian ya biti 64, kila kitu sawa, na mashine haioni flashi kabisa. Ugonjwa ulikuwa nini? Prosesa ni ya biti 64 lakini UEFI yake ni ya biti 32. Inatafuta faili la BOOTIA32.EFI, na ile flashi ilikuwa na BOOTX64.EFI peke yake. Imesimama mlangoni inaita jina ambalo hakuna anayeliitikia. Kerneli ya Linux tangu toleo 3.15 la mwaka 2014 inakubali kuamshwa hivyo, 64 ikiitwa na 32, na Debian ilianza kulishughulikia kwenye toleo la 8, mwaka 2015. Tukaweka faili moja. Faili moja tu, ndugu zangu! Kijilaptop kikawaka, na kijana akaandikia tasnifu yake humo. Baadhi ya Mac za Intel za mwishoni mwa mwaka 2006 zina tabia hiyo hiyo, kwa hiyo mkiletewa msiseme zimefungwa.

Kuna mashine, hasa za kati ya 2010 na 2014, zenye milango yote miwili, UEFI na BIOS ya zamani. Mimi huchagua ile ya zamani, kwa sababu UEFI za umri huo zilikuwa bado changa na BIOS ilikuwa imekwisha komaa miaka thelathini. Wengine watanipinga, tutabishana wakati wa chai. Kitu kimoja hakina ubishi: flashi uliyobuti kwa mlango mmoja itaweka mfumo wa mlango huo. Mkiwa ndani ya kisakinishi, angalieni kama folda /sys/firmware/efi ipo. Ikiwepo, mmeingia kwa UEFI. Isipokuwepo, mmeingia kwa BIOS. Angalieni kabla ya kugawa diski.

Mashine zenye prosesa ya biti 32 kabisa nazipitia haraka. Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi chake. NetBSD na OpenBSD, mifumo mingine huria, bado zinazipokea, zina butiloda zao nyepesi, na GRUB inaweza kuzikabidhi zamu kwa chainloader +1. Anayetaka aje tukae.

Na mashine isiyo na mlango kabisa? Haibuti flashi, sidii imekufa? Hapo fundi haombi ruhusa: chomoa diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine ya BIOS, weka mfumo na GRUB humo, irudishe kwao. Linux haisumbuki kuhamia mazabodi nyingine kama wengine wanavyosumbuka. Na ikiwa tatizo ni diski zenyewe, darasa zima diski zimekufa kwa vumbi na kukatika kwa umeme, msinunue diski ishirini. Nunueni moja nzuri, iwekeni kwenye mashine moja yenye nguvu, nyingine zote ziamke kwa waya wa mtandao kupitia PXE, njia ya kubuti bila diski. Mradi wa LTSP umekuwa ukifanya hivyo tangu 1999. Butiloda inakuwa moja, mahali pamoja, na mwalimu mmoja anaitunza. Kwa shule ambayo fundi hupita mara moja kwa mwaka, sijaona kitu bora kuliko hicho.

Sasa tumeongea vya kutosha, twendeni mezani. Kuna mashine nane pale nyuma, na nimehakikisha hazifanani. Kaeni wawili wawili, fundi na mwalimu, msikae fundi na fundi. Ukimaliza kuweka mfumo, zima, chomoa flashi, chomoa na waya wa umeme ukutani, subiri kidogo, washa. Ikiwaka, bado hujamaliza. Mwite jirani aiharibu butiloda yako atakavyo yeye. Halafu wewe fundi toka nje, simama chini ya ule mwembe, umpigie simu mwalimu uliyemwacha ndani, na mashine iwake kwa mikono yake.